Nani Anamjibu Nani

Maktaba zinazopanga vitabu kwa utaratibu wa Library of Congress zimekipa Kiswahili makazi yake: PL 8701 hadi 8704. Mwanafunzi anayeandaa mapitio ya maandiko akifika hapo na namba yake kwenye kikaratasi, akachomoa kitabu kimoja akaondoka, ameacha nusu ya alichofuata. Mimi husimama. Husoma migongo ya vitabu jirani, kushoto na kulia, rafu ya juu na ya chini. Kitabu nilichokijia nilikwisha kukijua. Kitakachoigeuza kazi yangu huenda kiko hatua mbili kutoka hapo, na sikuwa na jina lake la kulitafuta.

Wengi huichukulia Sura ya Pili ya tasnifu, yenye mapitio hayo, kama ushuru wa kulipa mlangoni kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye utafiti wenyewe. Nami nilianza hivyo. Nilikuwa nachunguza mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, ule wa wanamapokeo wanaoshikilia vina na mizani na wanamabadiliko wanaoviacha, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa msafara: Abedi anasema, Kezilahabi anasema, Mulokozi na Kahigi wanasema. Msimamizi wangu aliirudisha na swali moja tu pembeni: nani anamjibu nani?

Nikarudi maktabani, safari hii nikivisoma vitabu kuanzia nyuma, kwenye marejeleo, kwa kuwa huko ndiko mwandishi anakoonyesha alikaa na akina nani. Nikaipanga miaka. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kanuni zake za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akaja na Kichomi, tungo zilizojivua vina na mizani. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakikataa kwamba vina na mizani ndiyo roho ya shairi. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff akatoa Tungo Zetu.

Ile bado ilikuwa orodha. Ilianza kuwa mapitio pale nilipogundua kwamba pande zote mbili zinaegemea neno lilelile, "tangu zamani", na kila upande unamaanisha zamani yake. Hapo ndipo maktaba inapokuwa zaidi ya ghala la vitabu. Zamani inaweza kukaguliwa! Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimehifadhiwa hati za Kiswahili na Kiarabu ambazo J. W. T. Allen aliziorodhesha katika katalogi yake ya mwaka 1970. Anayedai kwamba mababu walitunga hivi au vile ana mahali pa kwenda kuwauliza.

Kutafuta nako kuna ufundi wake, na sijui kwa nini hatufundishwi mapema. Ukiandika "utenzi" kwenye katalogi, usisahau "utendi". Ukitafuta kwa "Kiswahili", jaribu na "Swahili", kisha "Suaheli", maana Büttner alichapisha mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili Berlin mwaka 1894 kwa tahajia hiyo ya Kijerumani. Jarida liitwalo leo Kiswahili lilianzia kwenye taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, likabadilishwa jina zaidi ya mara moja. Anayelitafuta kwa jina la sasa pekee anaikosa miaka yake ya mwanzo. Swahili Forum, iliyoanza mwaka 1994, inasomwa bure mtandaoni. Mambo haya nimeyapata kwa wakutubi, watu ambao majina yao huonekana, yakionekana, kwenye ukurasa wa shukurani tu. Wangestahili zaidi.

Lakini utamu wa kazi uko kwenye vitenzi. "Anasema" hakimwambii msomaji lolote. Je, anapinga? Anaendeleza? Anakubali hoja lakini anahamisha mpaka wake? Asubuhi moja nzima nilikaa na Tungo Zetu kwa ajili ya kitenzi kimoja. Nilikuwa nimeandika kwamba Shariff anamrudia Abedi, kwa kuwa wote wawili wanasimama upande wa mapokeo. Kisha nikasoma upya anapozipanga bahari za tungo, inkishafi, wajiwaji, utumbuizo, kimai na nyingine, huku shairi likiwa moja tu kati ya hizo. Mtu anayehesabu vyumba vingi kiasi hicho harudii ramani ya aliyemtangulia. Nikafuta "anamrudia". Nikajaribu "anampinga", nikaona namsingizia. Kengele ya kufunga kwa ajili ya mchana ilipolia nilikuwa nimeandika "anaipanua nyumba", na sentensi iliyofuata, ya kwangu mwenyewe, ikaja bila kuitwa. Nikakiacha kitabu mezani, kama wakutubi wanavyotaka, nikatoka.