Kutoka “Mimi” hadi “Wewe”: Msambazaji kama Mhariri katika Vijarida vya Microcosm

Uhakiki wa vijarida vya kujichapishia umefuata, kwa kiasi kikubwa, njia mbili. Stephen Duncombe, katika Notes from Underground (1997), anavisoma kama siasa: sauti ya watu wanaoikataa jamii ya ulaji bila kuwa na nguvu ya kuibadilisha. Alison Piepmeier, katika Girl Zines (2009), anavisoma kama vitu vinavyoshikika: karatasi, gundi, mwandiko wa mkono, na ukaribu unaozaliwa kati ya mtengenezaji na msomaji. Mikabala yote miwili ina manufaa, lakini yote miwili inampa nafasi ndogo msambazaji. Kwa kuirejelea Microcosm Publishing ya Marekani, makala haya yanadai kwamba msambazaji hagusi soko tu. Anagusa pia nafsi inayozungumza ndani ya matini.

Istilahi yenyewe inahitaji ufafanuzi mfupi. Russ Chauvenet alibuni neno “fanzine” mwaka 1940 kutaja machapisho ya mashabiki wa bunilizi ya kisayansi, machapisho ambayo yalikuwapo tangu The Comet la Chicago la mwaka 1930. Baadaye neno hilo lilifupishwa likabaki “zine”. Kulitohoa kwa kanuni za kawaida kunaleta “zini”, umbo ambalo katika Kiswahili tayari lina shughuli nyingine. Kwa hiyo hapa linatumika “kijarida”, kwa maana ya chapisho dogo ambalo mwandishi wake ndiye mchapaji, mfungaji na, aghalabu, mtumaji.

Utumaji huo ndio kiini cha suala. Factsheet Five, lililoanzishwa na Mike Gunderloy mwaka 1982, lilichapisha mapitio ya vijarida pamoja na anwani za waandishi. Msomaji alitia fedha au stempu katika bahasha akamwandikia mtunzi moja kwa moja, na kijarida kilipomfikia kilikuwa, kwa namna fulani, jibu la barua. Microcosm, iliyoanzishwa na Joe Biel mjini Cleveland mwaka 1996 na baadaye kuhamia Portland, Oregon, iliweka ghala kati ya watu hao wawili. Ghala lina orodha, na orodha haiwezi kupokea kila kitu. Anayechagua kipi kiingie na kiwekwe chini ya kichwa kipi tayari anahakiki, hata kama hajaandika sentensi moja ya uhakiki.

Athari ya uteuzi huo inaonekana vizuri katika Doris, kijarida cha Cindy Crabb, ambacho Microcosm ilikikusanya mwaka 2005 katika kitabu kinachobeba matoleo ya 1991 hadi 2001. Crabb anaandika kwa nafsi ya kwanza umoja kuhusu huzuni, ukatili wa kijinsia, urafiki na mambo madogo ya siku. Katika toleo moja moja, “mimi” huyo hajui kesho yake. Msomaji naye hajui, na muda wa kusubiri toleo jingine ni sehemu ya maana. Kitabu kinaufuta muda huo. Miaka kumi inasomeka kwa siku mbili, na maandishi yaliyokuwa barua yanageuka tawasifu yenye mkondo na hatima. Hakuna neno lililobadilishwa ili hilo litokee. Mgongo wa kitabu umetosha.

Badiliko la pili ni la ndani zaidi. Kwa miaka ya karibuni orodha ya Microcosm imeelemea vitabu vya mwongozo na kujisaidia. Mfano maarufu ni kitabu cha Faith G. Harper kuhusu ubongo na kiwewe (2017), kilichochipuka kutoka katika vijarida vyake. Jina lake lina tusi ambalo jarida hili halina haja ya kulifasiri, na pengine tusi hilo ndilo masalia ya wazi zaidi ya kijarida katika kitabu hicho. Nafsi inayotawala sasa ni ya pili: wewe, ubongo wako, fanya hivi. Aliyekuwa akiungama amekuwa mshauri.

Ni rahisi kuliita jambo hilo usaliti. Tafsiri hiyo ni pungufu, kwa sababu kaulimbiu ya utamaduni huu, “jifanyie mwenyewe”, ni kitenzi cha amri kinachoelekezwa kwa nafsi ya pili. Kijarida daima kilisema mambo mawili kwa pamoja: haya ndiyo yaliyonipata, na wewe nenda ukatengeneze chako. Msambazaji hakubuni sauti ya pili. Aliikuta na kuipa nafasi kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa ushauri huuzika kwa mtu yeyote, ilhali ungamo humtaka msomaji wake. Hapa ndipo hasara ilipo, na ni hasara ya kifasihi kabla ya kuwa ya kisiasa.

Upande wa siasa, rekodi ya Microcosm ni imara kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Mwaka 2019 ilianza kujisambazia yenyewe na kuacha kuiuzia Amazon moja kwa moja, na humruhusu mnunuzi kuchagua bei ndani ya kiwango kilichowekwa. Imechapisha upya hata kitabu cha Duncombe. Mhakiki wa vijarida naye amekuwa bidhaa ndani ya orodha, hali ambayo ingemfurahisha mtunzi yeyote wa tashtiti.

Swali hili linaihusu tahakiki ya Kiswahili, ingawa hapa hakudaiwi uhusiano wa kihistoria. Riwaya pendwa za Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 zilitoka kwa sehemu kubwa katika kampuni za waandishi wenyewe: Continental Publishers ya Elvis Musiba, Busara Publications ya Hammie Rajab, Grand Arts Promotions ya Kajubi Mukajanga. Zimejadiliwa sana kwa maadili, msuko na lugha. Ni mara chache imeulizwa jinsi mwandishi aliyelazimika kuuza nakala zake mwenyewe alivyomsemesha msomaji katika ukurasa wa kwanza, na kama angemsemesha vivyo hivyo iwapo kazi ya kuuza ingekuwa ya mtu mwingine.