Niliandika kwamba mama wa Kadutu wanalazimisha watoto kula

Wenzangu wa masomo, kila mwaka tunarudilia kosa moja katika memuare zetu, na mimi nililifanya mbele yenu. Basi nianze na langu.

Kwa lisanse yangu nilipima namna wazazi wa Kadutu, hapa Bukavu, wanavyolisha watoto wa miaka 3 hadi 5. Nilichukua Child Feeding Questionnaire, karatasi ya maswali ambayo Leann Birch na wenzake walitoa Marekani mwaka 2001: maswali 31, sehemu 7, jibu kutoka 1 mpaka 5. Nikaitafsiri mwenyewe kwa usiku mbili, nikapita parsele kwa parsele. Hitimisho: mama zetu wanashurutisha sana watoto kula. Juri ilifurahi, nikapata distinksyo.

Kuna swali linalouliza, mtoto akisema hana njaa, je, mzazi anajaribu bado kumfanya ale? Mimi niliandika "kulazimisha". Mama mmoja anayeuza sambaza akaniangalia hivi: "Weye, mutoto ana homa, anakataa uji, sitamubembeleza? Andika tano." Nikaandika 5.

Sasa, kubembeleza na kulazimisha ni kitu kimoja? Kubembeleza ni kumwimbia, kumwambia kijiko hiki ni cha kaka, kungoja, kujaribu tena. Kulazimisha ni kushika pua na kumimina uji. Jirani yake alikuwa anashika pua kweli, alinionyesha bila haya. Wote wawili walipata 5 kwangu. Na OMS tangu 2003 inashauri tulishe mtoto polepole, tumtie moyo ale, bila kumlazimisha. Mtoto mgonjwa ndiye wa kutiwa moyo zaidi. Kwa hiyo yule mama wa sambaza alikuwa anafanya shauri la OMS, na mimi nikamhesabia kama kosa.

Kituo kimoja cha lishe kilichukua hitimisho langu, kikaanza kuhubiria mama waache kusukuma watoto, mtoto atakula akitaka. Miezi kadhaa baadaye nikakutana na yule mama sokoni. "Njo karatasi yako ile? Banatuambia tuache mutoto anyamaze na njaa yake." Sikuwa na jibu.

Karatasi yenyewe si mbaya kwao ilikozaliwa. Kule hofu ilikuwa watoto kunenepa kupita kiasi, ndiyo maana inauliza sana juu ya pipi na vyakula vya mafuta mengi. Nilipouliza mama wa Kadutu kama anachunga pipi ambazo mtoto anakula, akacheka: "Ya kutoka wapi?" Alama ikawa ndogo, na mimi kwa elimu yangu yote nikaandika kwamba hafuatilii. Swali lingine linataka kujua kama mtoto lazima amalize chakula kilicho kwenye sahani yake. Sahani gani? Watoto watano wamezunguka sinia moja ya bugali na sombe. Pale jambo la kupima ni nani ana mkono mwepesi, na kama kitinda mimba anafikia samaki. Tena mara nyingi anayewalisha ni dada yao wa miaka 10, mama yuko sokoni. Yule dada sikumuuliza kitu.

Na hizo namba 1 mpaka 5! Wengi walidhani ni alama za shule. Nani anajipa 2 mbele ya mgeni wa iniversite?

Wenyewe Wamarekani waliona tatizo mapema. Mwaka 2005 Anderson, Hughes na wenzao walipima karatasi hii kwa wazazi Weusi na wa asili ya Amerika Kusini, humo humo Marekani, na zile sehemu 7 hazikusimama vizuri. Kabla yao, mwaka 1994, Ruth Chao alikwisha kuonyesha kwamba ukali wa wazazi Wachina, uliokuwa unaitwa ubabe, ndani yake una malezi na upendo ambao kipimo hakikuuona. Vitabu hivyo vilikuwepo. Mimi sikuvitafuta.

Najua kuna wenzetu watakaosema: basi tuache vipimo vya Wazungu, utamaduni haupimwi. Bana, hapana. Ankete ya 2013-14 ilikuta watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa. Tunahitaji kujua nini kinapita katikati ya sinia na mdomo wa mtoto, na kukijua kwa hesabu. Lakini kabla ya kulinganisha Kadutu na Texas, kaa na mama kumi, mwambie kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake. Akikueleza kitu kingine, swali halijawa tayari. Kaa pia pembeni ya chakula cha jioni, uangalie kwa macho. Hesabu za kompyuta za kuona kama swali lina uzito mmoja kwa watu wote zinakuja nyuma ya hayo, na hata hizo ni wachache wanaozifanya. Direkteri wengi hawaziulizi.

Memuare yangu bado iko biblioteki. Unayeandika juu ya lishe mwaka huu, usiichukue ukurasa wa hitimisho. Fungua nyongeza, mwishoni: kule niliandika kwa kalamu maneno ya wale mama ambayo hayakuingia kwenye hesabu.