Kuihukumu Boriti kwa Mnepo Wake

Mnunuzi asiye na maarifa huichagua boriti kwa rangi ya gome na uzuri wa kunyooka. Lakini aliyeyazoea majumba ya mawe ya Lamu na Unguja, ambayo sakafu zake nzito za mawe na chokaa hubebwa na miti ya mkoko, huanza kwa kuuliza boriti ikitwishwa mzigo itanepa kiasi gani, na ikitolewa mzigo kama itarejea.

Jaribio lake ni jepesi. Ilaze juu ya magogo mawili, vuta uzi toka ncha hadi ncha, upime pengo la asili. Kisha tundika mzigo katikati, upime tena, na uongeze mzigo wa pili ulio sawa na ule wa kwanza. Mnepo ukiwa maradufu kamili, na mizigo ikiondolewa mti ukarudi ulipokuwa, mti huo ni mzima, kwa kuwa umeifuata kanuni aliyoieleza Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba kadiri ya nguvu ndiyo kadiri ya mvutiko. Mnepo ukizidi nisba hiyo, tena mti ukabaki umepinda, nyuzi zake zimekwisha kuvuka mpaka wake, wala haufai kupandishwa darini.

Maana mti unaponepa, nyuzi za chini huvutwa na za juu hubanwa, ilhali za kati hazipati taabu. Mkazo ni nguvu inayoangukia kila inchi mraba ya nyuzi hizo. Mvutiko ni nisba ya kurefuka kwake na urefu wake wa awali. Na mnepo tuuonao kwa macho ni mivutiko hiyo midogo iliyokusanyika toka ukuta hadi ukuta. Kwa sababu hiyo kifundo cha tawi kilicho katikati, upande wa chini, ni ila kubwa kuliko kifundo kama hicho kilicho karibu na ukuta, na fundi hodari hukigeuza kielekee juu.

Wauza miti wa Lamu huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na hapa ndipo fedha ya mwenye nyumba hupotea au huokoka. Unene ukizidi kwa sehemu moja ya kumi tu, ukakamavu huzidi karibu nusu nzima. Urefu nao ni adui mkali: nafasi kati ya kuta ikiwa maradufu, mzigo ule ule wa katikati huzidisha mkazo mara 2 tu, lakini mnepo mara 8, hata mti usiokaribia kuvunjika ukaipasua chokaa iliyo juu yake. Vyumba vya majumba yale, virefu na vyembamba, ambavyo upana wake aghalabu haufikii mita 3, vilikadiriwa na watu walioifahamu vyema tabia ya mkoko.

Liko jambo lisilodhihirika kwa jaribio la siku moja: mti uliotwishwa daima huendelea kunepa polepole kwa miaka, na uliotwishwa ungali mbichi hunepa zaidi. Kwa hiyo katika nyumba kongwe usiogope dari iliyoshuka sawasawa. Tafuta boriti moja iliyoshuka kuliko jirani zake, kisha uchunguze vichwa vyake vilivyoingia ukutani, penye unyevu na mchwa, kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila kuzuiwa, itegemeze dari kwa nguzo kabla ya kumwita mwashi.