Nepi za Kitambaa: Faida Iko Kwenye Ufuaji

Mama wa Mwandiga, Kigoma, anayemvalisha mwanawe nepi ya kitambaa badala ya pampasi anataka mambo mawili: kubana matumizi na kupunguza takataka. Yote mawili yanawezekana, ila kununua vitambaa hakutoshi. Faida hupatikana au hupotea wakati wa kufua.

Tuanze na fedha. Tuseme pampasi moja ni shilingi 500, na mtoto anatumia tano kwa siku. Kwa miaka miwili ni takribani shilingi 1,825,000. Sasa weka vitambaa 24 vya shilingi 2,500 kimoja na chupi nne za nailoni za kuvalisha juu yake, za shilingi 3,000 kila moja: jumla 72,000. Ongeza sabuni ya 10,000 kwa mwezi na maji ya shilingi 100 kwa siku, na miaka miwili inagharimu 385,000. Hiyo ni kama sehemu moja ya tano. Bei za kwako zikiwa tofauti, badilisha tarakimu urudie hesabu. Akizaliwa mtoto wa pili, vitambaa vipo tayari.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, kilicho mraba na bapa. Kanga iliyofuliwa miaka mingi hunyonya vizuri kuliko kitenge kipya chenye wanga. Ubapa una kazi yake: kikikunjwa kinakuwa na matabaka mengi chini ya mtoto, kikianikwa kinakuwa tabaka moja tu. Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Miezi hiyo nepi nene iliyoshonwa hubaki na unyevu ndani, wakati kitambaa bapa kimeshakauka.

Kwenye kufua, kinyesi huondolewa kwanza na kutupwa chooni. Kitambaa husuuzwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto hugandisha doa, kisha huwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto, hadi saa ya kufua. Maji machafu nayo humwagwa chooni, kamwe si mtoni wala ziwani. Kinyesi cha mtoto mchanga hubeba vimelea kama cha mtu mzima, na kipindupindu kilichozuka kijijini Kagunga Mei 2015 kilionyesha jinsi ugonjwa unavyosambaa upesi kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika.

Kosa linalowakatisha wengi tamaa ni la sabuni. Maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo mji wa Kigoma huyatumia, yana magnesi nyingi. Sabuni ya mche, ikiwemo ya mawese, ikikutana na magnesi hutengeneza utando unaong'ang'ania nyuzi, na kitambaa huacha kunyonya. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, anayopakwa mtoto nayo huongeza utando. Mama huona nepi inavuja, akadhani imechakaa. Dawa yake ni kutumia sabuni ya unga, kusuuza kwa maji ya mvua yanapopatikana, na kuchemsha vitambaa mara kwa mara.

Kuanika ni juani, kwenye kamba, hadi nepi ikauke kabisa. Wapo nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini, hasa zenye harufu ya mkojo, na funza wao huingia kwenye ngozi ya mtoto. Pasi ya moto huyaua mayai hayo.

Kuhusu takataka, pampasi ina plastiki nje, na ndani nyuzi za mti pamoja na polima inayofyonza mkojo. Ikitupwa chooni hujaza shimo. Ikitupwa korongoni, mvua huiteremsha kuelekea ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake hubadilika kwa karne nyingi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini Tanzania 1 Juni 2019 haikuigusa pampasi.

Hata hivyo, kitambaa hakishindi chenyewe. Utafiti wa Environment Agency ya Uingereza wa 2008 ulikuta kwamba kwa wastani nepi za kitambaa zilitoa gesi joto karibu sawa na pampasi, kwa sababu ya umeme wa kufulia na kukaushia. Kufua mashine ikiwa imejaa, kuanika nje na kumrithisha mtoto wa pili kulipunguza gesi hizo kwa asilimia 40. Mwandiga tunaanika juani na kurithishana nguo tangu zamani. Faida hiyo tunayo tayari.

Linalobaki ni jasho la mama, ambalo hesabu ya shilingi haikuligusa. Kuteka maji, kufua na kupiga pasi kila siku ni kazi kamili, na akiachiwa peke yake, fedha inayookolewa inatoka mgongoni mwake. Ndiyo maana napendekeza nyumba ianze na nepi za kitambaa mchana, pampasi ibaki ya safari na usiku, na baba achukue maji na kuchemsha vitambaa kama sehemu yake ya malezi. Kazi ikigawanywa hivyo, akiba itakuwa ya nyumba nzima.