Biti ya Likasi: Anza Kusikiliza Kidole Gumba

Kijana akikuwekea wimbo mpya na kusema, "Yaya, hii ni sauti ya Katanga," usikimbilie kutafuta kama kuna gitaa ndani. Siku hizi gitaa huokotwa kwenye intaneti kwa dakika moja. Sikiliza kazi inayofanyika chini yake.

Kipimo cha kazi hiyo kilizaliwa hapahapa Likasi. Mwaka 1952, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya. Bosco alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kikishika besi, cha shahada kikisuka sauti ya juu, hata asiyemwona akadhani wapigaji ni wawili. Biti ya Likasi inakua vizuri pale mashine mpya inapopewa kazi ya vidole vile. Ikipewa mapambo tu, imedumaa.

Besi. Katika muziki wa trap wa kawaida, besi ya mashine ya 808 huanguka na kulala, kama gunia lililotuliwa sokoni. Ya kwetu hutembea. Fundi hodari haitupi 808. Huikata mkia, huipandisha na kuishusha mpaka ijibizane na sauti ya juu. Hata besi ya muziki wa amapiano kutoka Afrika Kusini inakaribishwa kwa sharti hilohilo: ijibu. Besi na gitaa zikisema neno moja kwa wakati mmoja, moja kati yake imekuja bure.

Chupa. Katika rekodi nyingi za gitaa za enzi zile, mwenzi wa mpigaji aligonga chupa. Leo kazi hiyo ni ya haihati, matoazi ya mashine. Watengenezaji wengi huzimwaga haihati kama mvua ya mawe juu ya mabati. Chupa haikuwa na papara: ilirudia mchoro wake mwanzo hadi mwisho, na wengine wote wakajipima kwayo. Haihati ikigeuka kila mara, mchezaji hana pa kuweka mguu.

Maneno. Hapa ndipo wengi huanguka bila kujua. Kifaransa hutua mwishoni mwa kifungu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka *mukuba*, shaba yetu: uzito uko kwenye *ku*. Ngoma ya sneya iliyopangwa kwa ajili ya Kifaransa itamsukuma mchanaji akaze *ba*, na neno litasikika kama la mgeni. Kwa kuwa wachanaji wetu huchanganya lugha zote mbili, biti nzuri huwaachia nafasi. Hesabu ukimya wake pia, usihesabu milio peke yake.

Sampuli. Kukata kipande cha rekodi ya zamani na kukizungusha dakika tatu ni kukopa bila kurudisha. Mtazame rapa Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi: kwenye "Siku ya Baadaye" aliichukua "Indépendance Cha Cha" ya mwaka 1960 na kuijengea maneno mapya, akiihoji nchi iliyofuata baada ya shangwe za uhuru. Uliza, basi: kipande hiki kimeulizwa swali gani? Na anayechukua karindula, ile banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, asiisafishe mpaka ikwaruze kidogo tu kwa aibu. Mkwaruzo ndio sauti yenyewe.

Ukimaliza, pigisha wimbo kwenye simu, si kwenye spika kubwa za studio tu. Besi inayotembea itasikika hata pale, kwa sababu inabebwa na mchoro zaidi kuliko kishindo.

Mwisho, mwombe kijana azime gitaa. Mifupa ya wimbo iliyobaki ikiweza kuwa ya Atlanta au ya Johannesburg bila tofauti, gitaa lilikuwa kilemba cha kuazima. Lakini mtu wa meza ya pili pale baa akianza kugonga chupa yake ya bia ya Simba bila kuambiwa na mtu, mpe kijana mkono.