Kuisikiliza Baiskeli

Baiskeli inayokwenda Kagunga husafiri ziwani kwanza. Pale bandarini Kibirizi hulazwa juu ya magunia ndani ya boti, ikafungwa kamba, ikapitishwa mbele ya milima ya Gombe hadi kwenye ule ukanda mwembamba uliobanwa kati ya maji na mlima, mpakani kabisa na Burundi. Ikishashushwa huko, mnunuzi hana pa kurudi kulalamika kirahisi. Ndiyo maana watu wa zamani hawakununua baiskeli kwa macho. Walikwenda dukani na fundi.

Nilibahatika kumtazama mmoja kazini, mzee wa Ujiji mwenye kopo la gololi na spana mbili. Kijana alimletea baiskeli nyeusi ya Phoenix iliyokwishatumika, bei nafuu, rangi imechubuka kwenye bomba la juu. Mzee hakuuliza bei. Aliipindua, tandiko na usukani vikawa chini, akalizungusha gurudumu la nyuma, kisha akaegemeza kijiti kwenye fremu, ncha yake ikikaribia ringi pasipo kuigusa. Ringi iliyonyooka hupita mbele ya kijiti kwa nafasi ileile mzunguko mzima. Iliyopinda hukigonga palepale kila inaporudi. Hii iligonga. Akaanza kuzidonoa spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, mithili ya mtu anayetafuta sauti ya zeze. Spoku iliyolegea hutoa mlio mzito, iliyokazwa kupita kiasi hulia juu. Akalegeza kidogo zilizo upande wa kijiti, akakaza za upande wa pili, akazungusha tena. Akakaza tena. Muuzaji aliyefuatana na kijana alianza kutazama saa. Mzee wala.

Kisha ikaja zamu ya friwili. Alirudisha pedali nyuma taratibu, kichwa amekiinamisha, akisikiliza ule mlio mdogo wa ndani. Ukienda sawasawa, friwili ni nzima. Ukirukaruka, vijino vyake vimelika, na ipo siku mwenyewe atakanyaga pedali zikazunguka bure ilhali dumu la mawese la lita 20 liko kwenye keria.

Wapo wanaoitibu friwili ya namna hiyo kwa kuichomelea, basi pedali zinazunguka kila gurudumu linapozunguka. Kwenye tambarare unaweza hata kuipenda: baiskeli inatii mguu, ukizuia mguu nayo inapunguza mwendo. Lakini kwenye mteremko miguu haipati mapumziko, na breki yako ni magoti yako mwenyewe. Mzee alipoulizwa kama na hii ichomelewe, alisema, “Mwanangu, hiyo ni kwa mtu asiyebeba mzigo.” Hakuongeza lolote.

Baiskeli zetu hizi hazina gia, na hapo ndipo penye ufundi wa mwendeshaji. Mwenye busara hujua atasimama wapi juu ya pedali, na atashuka wapi asukume, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya mzigo, kabla mlima haujamwaibisha. Ng’ambo ya mpaka, wabeba ndizi wa Burundi hushika nyuma ya malori yanayopanda kutoka Bujumbura. Ni ujasiri ninaoustaajabia, ila siuiti ufundi.

Baiskeli hizi zisizo na gia zilikuja kwa mafungu: Raleigh za Nottingham, ambazo wazee wetu walizitaja kwa heshima, Swala zetu wenyewe za Dar es Salaam, Phoenix za Shanghai, Hero na Avon kutoka Ludhiana. Zote zilikuwa nzito, na zote zilitengenezeka. Mtoto alijifunzia baiskeli ya baba yake kwa kupenyeza mguu chini ya bomba, mwili umepinda upande, kwani tandiko hakulifikia. Goti lake lilichunika, lakini kufika siku ya kulikalia lile tandiko alikuwa ameshajua kila kilio cha mashine ile.

Siku hizi bodaboda imechukua abiria na vijana waliotakiwa kujifunza kuvuta spoku. Kuziba pancha ya pikipiki kunaleta hela ya haraka. Na baiskeli mpya za bei nafuu? Zina gia nyingi zisizoingia, spoku laini zisizoshika mvuto, na stika zinazong’aa. Mnunuzi anauliza rangi. Niliingia duka moja nikiwa na nia ya kuijaribu moja kama nilivyomwona mzee akifanya, nikaomba kulizungusha gurudumu. Lilikuwa bado limeviringishiwa nailoni. “Kaka,” akaniambia muuza duka, bila ubaya wowote, “ukishaichana hiyo, umenunua.”