Kuamka, kuamsha, kuamkiana: uhakiki wa lugha ya maelekezo ya kompyuta

Maelekezo ya kutengeneza chombo ni maandishi ambayo uhakiki huyapita bila kuyatazama. Hayana mtunzi anayejulikana, hayana kisa wala mizani, na msomaji huyaendea akiwa tayari ameudhika. Hata hivyo, ubora wake hupimwa papo hapo: chombo kikifanya kazi, maandishi yamefaulu, kisipofanya, msomaji amepoteza muda, pengine na fedha. Shairi baya humchosha msomaji tu. Maelekezo mabaya humpeleka kununua kadi mpya hali ile ya zamani ni nzima.

Uhakiki huu unachagua kasoro moja ndogo ijulikanayo na wengi wenye kompyuta ya kubebeka. Mtu ameifunika kompyuta yake bila kuizima. Baada ya saa moja anaifunua. Kiwambo kinawaka, maandishi aliyoyaacha yapo pale pale, lakini wifi haipo. Mwanafunzi anayetakiwa kumpelekea mwalimu wake sura ya tasnifu kabla ya jioni, huku betri ikipungua na umeme ukiwa umekatika, hana nafasi ya kubahatisha. Anahitaji sentensi zinazosema kweli. Je, Kiswahili cha maelekezo hayo kinasema kweli?

1. Kiima kilichopotea

Ushauri uliozoeleka haupiti sentensi tatu. Kwanza msomaji huambiwa aunganishe tena. Ikishindikana, azime na kuwasha. Ikishindikana tena, amwite fundi. Sarufi yake haina kosa, na tahajia yake aghalabu ni safi. Kasoro yake iko penginepo: kitenzi “unganisha” kinadai vitu viwili, nacho hakikupewa hata kimoja. Nini kiunganishwe na nini? Kompyuta na kadi yake? Kadi na ruta? Ruta na intaneti? Msomaji anaamriwa kutenda, lakini haambiwi ni nani mwingine anayetenda ndani ya chombo, wala ni nani kati yao aliyeshindwa.

Lugha ya kila siku nayo haimsaidii. Watu husema “wifi imekataa”. Usemi huu unampa mtendaji nia, kama mtoto mkaidi, lakini unaficha aliyemkataa mwenziwe. Kadi kukataa kuamka si sawa na ruta kuikataa kadi, na dawa zake ni mbali mbali.

Chanzo cha udhaifu huu chaweza kuonekana katika historia fupi ya istilahi za kompyuta. Juhudi kubwa zimefanywa. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lakini mijadala iliyo mingi imekuwa juu ya majina: je, kifaa kiitwe kompyuta au tarakilishi? Kipanya au puku? Mijadala hiyo ina haki yake. Lakini kasoro haikai katika majina; hukaa katika vitenzi. Kitu kilichoharibika ni kitu kilichotakiwa kutenda jambo kisilitende. Lugha iliyokusanya majina mia bila kuvichunguza vitenzi vyake imejaza ghala ikasahau kulima.

2. Kulala au kukesha?

Kitenzi cha kwanza cha kuchunguzwa ni kile kinachotaja hali ya kompyuta iliyofunikwa. Kiingereza huiita usingizi. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya rasmi ya Kongo na ya mafunzo ya chuo kikuu, huiita “veille”, yaani mkesha. Hivyo mfasiri atokaye upande wa Kiingereza ataandika kwamba kompyuta imelala, na mwenziwe atokaye upande wa Kifaransa ataandika kwamba inakesha. Hali ni moja, maneno ni kinyume. Ajabu zaidi ni kwamba Kiswahili na Kifaransa hukutana hapa bila kuazimana: neno “veille” hutaja kukaa macho na pia siku inayotangulia sikukuu, na neno “mkesha” hufanya vivyo hivyo.

Ni nani aliye sahihi? Ili kujibu, yafaa kukitazama kitu chenyewe. Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, zinazopanga ngazi za nguvu za umeme katika kompyuta. Katika ngazi iitwayo S3, kumbukumbu ya kazi huendelea kupewa umeme kidogo ili isipoteze ilichoshika, huku sehemu nyingine karibu zote zikikatiwa. Katika ngazi ya S4, yaliyomo katika kumbukumbu huandikwa kwenye diski, kisha hata kumbukumbu hukatiwa umeme. Kwa hiyo katika S3 kuna anayekesha na kuna waliolala: kumbukumbu inakesha, kadi ya wifi imelala. Ndiyo sababu maandishi ya mwanafunzi yapo na mtandao haupo. Mfasiri wa Kiingereza ameitazama kadi, mfasiri wa Kifaransa ameitazama kumbukumbu, na kila mmoja ameipa nyumba nzima jina la mtu mmoja.

Kiswahili hakilazimiki kufuata upande wowote, kwa kuwa kina maneno ya kupambanua. Hali ya S4, ambayo hustahimili hata betri ikiisha kabisa, inastahili kuitwa usingizi wa pono. Kompyuta nyingi mpya zinafuata mtindo mwingine ulioingia na Windows 8 mwaka 2012: kompyuta haishuki hadi S3, bali hubaki katika nguvu ndogo, na kadi yake yaweza kuendelea kupokea habari mara kwa mara. Huo ni usingizi wa mang'amung'amu, si wa kulala wala wa kuamka. Tofauti hizi si mapambo. Mwenye kompyuta ya S3 aliyeifunika huku betri ikikaribia kwisha aweza kupoteza kazi ambayo hakuihifadhi. Mwenye kompyuta iliyo katika usingizi wa pono ataikuta. Neno moja “lala” kwa hali zote tatu humnyima msomaji onyo alilolihitaji.

3. Nani amemwamsha nani?

Methali husema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Maelekezo yaliyozoeleka yameitii methali hii kupita kiasi, kwani hayasemi hata ni nani aliyelala. Ilhali Kiswahili kina mzizi mmoja ambao, ukinyambuliwa, huonyesha karibu safari yote ya wifi: amka, amsha, amkia, amkiana.

Kompyuta huamka. Hili ni tendo lake yenyewe, nalo huonekana kwa kiwambo kuwaka. Kisha huamsha kadi. Hapa kauli ya kutendesha ni ya lazima, kwa maana kadi haiamki yenyewe. Huamshwa na programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kiendeshi kikikosea, kompyuta itakuwa macho na kadi itabaki usingizini. Dalili yake ni kwamba hakuna mtandao hata mmoja unaoonekana, hata ile ya majirani, au kitufe cha wifi chenyewe kimetoweka. Katika hali hii kuandika nywila upya ni kazi bure, kwa kuwa hakuna wa kuipokea. Kwanza ihakikishwe kwamba wifi haikufungwa kwa kitufe au kwa hali ya ndegeni. Kisha kadi peke yake izimwe na kuwashwa ndani ya orodha ya vifaa. Kasoro ikirudi kila mara, kiendeshi kipyaishwe, na pale ambapo mipangilio ya kadi inaonyesha ruhusa ya kuizima ili kuokoa umeme, ruhusa hiyo iondolewe. Kuiondoa kuna gharama: betri itapungua upesi kidogo.

Kadi iliyoamshwa huamkia ruta. Kauli ya kutendea inafaa, kwani tendo lina anayeelekewa. Kadi hutafuta mitandao iliyo karibu, hutambua ule inaoujua, kisha hutangulia kuomba kupokewa. Hatua hii hushindwa ikiwa kompyuta ilifunikwa nyumbani na kufunuliwa chuoni, mahali pasipo na mtandao inaoujua, au ikiwa iko mbali mno na ruta. Dalili ni kwamba mitandao inaonekana lakini ule unaotafutwa haumo, au umo kwa nguvu hafifu. Dawa ni kusogea, au kuchagua mtandao wa mahali pale.

Kisha ruta na kadi huamkiana. Katika nyongeza ya usalama iliyotolewa na IEEE mwaka 2004 kwa kanuni zake za wifi za mwaka 1997, maamkizi hayo yana jumbe nne, mbili kila upande. Kila mmoja humthibitishia mwenziwe kwamba anaijua nywila bila kuitamka hewani. Msomaji Mwafrika hahitaji kufundishwa jambo hili kwa mfano wa kigeni: anajua kwamba salamu isiyoitikiwa ipasavyo humfanya mtu abaki mlangoni. Dalili ya maamkizi yaliyovunjika ni kompyuta kuomba nywila tena na tena. Dawa ni kuiambia iusahau mtandao huo, kisha kuingia upya na kuandika nywila kwa uangalifu, kwani huenda ilibadilishwa.

Mwisho, mgeni aliyeitikiwa hupewa mahali pa kukaa, yaani anwani ya IP. Anwani hiyo hukodishwa kwa muda, na muda waweza kwisha wakati kompyuta imelala. Dalili yake humpotosha msomaji kuliko zote: kompyuta inasema imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Akitazama anwani na kukuta inaanza na 169.254, ajue kwamba kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Akate mtandao na kuingia tena ili iombe upya. Ikiwa anwani ni halali na bado hakuna intaneti, ajaribu simu katika wifi ile ile. Simu nayo ikishindwa, tatizo liko kwenye ruta au ng'ambo yake, na kompyuta haina hatia. Simu ikifaulu, aangalie kama mtandao wa chuo unamtaka ajitambulishe upya.

Kwa njia hiyo sentensi moja, “unganisha tena”, imegawanyika katika maswali manne yenye kiima na yambwa. Kompyuta imeamka? Imeamsha kadi? Kadi imeamkia ruta? Zimeamkiana na mgeni akapewa mahali? Msomaji anayeweza kuuliza hivyo hasubiri tena fundi amwambie kasoro iko wapi.

4. Kuzima kusikozima

Yafaa kukubali kwamba ushauri wa “zima na uwashe” umewasaidia wengi. Kompyuta inapoanza upya kweli, kiendeshi nacho huanza upya, na kadi iliyosahauliwa huamshwa pamoja na wengine. Lakini hata hapa lugha imeachwa nyuma na chombo. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zenye Windows zimewekewa mwanzo wa haraka: mtumiaji anapochagua kuzima, kiini cha mfumo pamoja na viendeshi huandikwa kwenye diski, na kompyuta inapowashwa husoma kile kile kilichoandikwa. Imelala usingizi wa pono huku mwenyewe akidhani imezima. Kiendeshi kilichokosea chaweza kurudi na kosa lake. Amri ya kuanzisha upya, kinyume chake, hupitia njia nzima. Kwa hiyo “zima na uwashe” na “anzisha upya”, ambazo katika maelekezo mengi hutumiwa kama visawe, si visawe tena. Mwanafunzi aliyetii ya kwanza mara tatu bila mafanikio aweza kufaulu kwa ya pili mara moja, wala asielewe kwa nini.

5. Hitimisho

Yawezekana kupinga kwamba mnyambuliko huu ni wa kitaalamu mno kwa mtu mwenye haraka. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama maneno hayo yangekuwa mapya. Hakuna hata moja. Amka, amsha na amkiana ni maneno ya asubuhi katika kila nyumba ya Mswahili, na mtoto huyatofautisha kabla hajaanza shule. Kigumu ni neno “unganisha” likiachwa peke yake, kwa sababu linamtaka msomaji ajaze mwenyewe yale ambayo mwandishi hakuyajua.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Heshima hiyo haitakamilika ikiwa msomi wa Kiswahili, kompyuta yake inapokwama, analazimika kuiacha lugha yake ili aelewe kilichotokea. Na si lazima aiache. Kinachotakiwa kwa mwandishi wa maelekezo ni kukitazama chombo kwanza, kitendo kwa kitendo, kabla ya kutazama ukurasa wa Kifaransa au wa Kiingereza. Kwa idara za lugha, kazi iliyo karibu ni kuwapa wanafunzi maandishi ya aina hii wayahakiki kama wanavyohakiki riwaya, wakiuliza katika kila sentensi: nani anatenda, na anamtendea nani?